Safari ya Krismasi: Kumpeleka Baba Akaione Theluji

Desemba 17, Kimara

Daktari ameridhika. Amemulika jicho la kulia la baba, akamwambia atazame juu, chini, kushoto, kulia, kisha akaandika kwenye kadi kwamba mzee anaweza kusafiri. Wiki tano zimepita tangu atolewe mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi mpya. Jicho la kushoto zamu yake ni Januari 14. Masharti yamebaki machache: matone asubuhi na jioni mpaka chupa iishe, asisugue jicho, asibebe mzigo, na penye vumbi avae miwani. Aliposikia habari ya mzigo baba alicheka kwa sauti mpaka nesi akageuka. Mtu huyu kabeba mizigo ya watalii kichwani kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro hadi Kibo Hut, na mizigo hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi.

Jioni tulikaa barazani. Joto la Desemba limekaza na upepo wa kaskazi hautufikii, ukuta wa jirani unauzuia. Shati lake jeupe la kanisani lilikuwa kwenye kamba. Baba akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akalitazama. Akahamisha kiganja, akaziba la kulia, akalitazama tena. Akarudia mara tatu.

"Hili la kulia linaniambia shati ni jeupe," akasema. "La kushoto linaniambia limefuliwa kwa chai."

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba radhi. Miaka yote hii, kumbe, alikuwa akiamini moyoni kwamba tunamfulia vibaya.

Ndipo akasema lile ambalo nadhani alilibeba tangu siku bandeji ilipotolewa. "Mama, nipeleke nyumbani nikaione theluji. Jua la Januari likianza, haitabaki."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akiniita hivyo sina uwezo wa kumkatalia.

Desemba 18

Sikulala vizuri. Jicho lake lilianza kufunga miaka sita iliyopita, na hata kabla ya hapo alikuwa akiutazama mlima kama mtu amtazamavyo jirani, bila kumkagua. Theluji aliyonayo kichwani ni ile ya miaka ya 1970 na 1980, alipokuwa kijana akipanda na kushuka. Mimi nimesoma. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipoteza asilimia 85 ya eneo lake, na imeendelea kupungua baada ya hapo. Sasa amepewa jicho jipya, na kitu cha kwanza anachotaka kulionyesha ni hicho. Nilitaka kumwambia asubuhi akinywa uji. Sikumwambia.

Desemba 19, Karume

Nimekwenda na wanangu wawili kutafuta masweta. Sisi wa Dar tunajua sweta kwa kusikia, lakini Marangu usiku wa Desemba una baridi yake, hasa mvua ikinyesha. Kule Karume ukichambua marobota ya mitumba unakutana na majira ya watu wengine: makoti yenye manyoya shingoni, glavu zisizo na mwenzake, kofia za sufu, vyote jua la saa saba likiwa utosini na muuzaji jasho likimtiririka hadi kiwikoni.

Binti yangu wa miaka saba akachomoa sweta la bluu lililofumwa swala mwenye mapembe marefu, na kumzunguka vijinyota vyeupe. Akauliza hivyo ni nini. Nikamwambia ni theluji. Akauliza theluji ni nini hasa, maana shuleni wamebandika pamba kwenye mti wa Krismasi wakaiita theluji, na kaka yake anasema theluji ni barafu tu.

"Barafu kama ya ubuyu?"

"Kama ya ubuyu, ila haina ubuyu, na inadondoka kutoka juu."

Alilifikiria hilo njia nzima hadi nyumbani. Mtaani kwetu mkrismasi umechanua, maua mekundu yamejaa hadi chini kwenye mtaro, na bajaji zinapita juu yake. Akaokota moja akalitazama. Usiku nikamkuta anasugua chupa ya chai kwa sabuni. Kasikia kwa babu yake kwamba zamani, aliposhuka mlimani, aliniletea theluji kwenye chupa ya chai. Ni kweli. Nilikuwa na umri kama wake. Ilipofika nyumbani yalikuwa maji tu, ila baridi yake ilikuwa haijaisha, tukanywa mimi na kaka zangu, kila mtu mafunda mawili. Binti anataka nayo yake.

Desemba 21, barabarani

Mume wangu amebaki, zamu za bandarini hazijui sikukuu. Alitusindikiza Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, na tayari palikuwa pamejaa. Wachagga tunasemwa kwamba Desemba tunaihama Dar, na aliyesema hakukosea: mafuta ya kula kwa ndoo, mchele kwa gunia, mablanketi, runinga zimefungwa kwa kamba za katani, vyote vinakwenda kwa wazee. Kiti kimoja kati ya vinne tulivyolipia kilikuwa kimeuzwa kwa mtu mwingine pia. Tulibishana karibu nusu saa. Mwisho nilimpakata binti hadi Segera, ambako yule abiria aliteremka akatuachia kiti bila kinyongo, akampa binti na chungwa.

Baba nilimkalisha dirishani, jicho la kulia likielekea nje. Sijawahi kuona mtu akiisoma barabara namna ile. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, alisoma mabango yote kwa sauti ya chini, ya mbao, ya kokoto, ya mchungaji, ya dawa za kuku. Mkonge wa Korogwe aliuita "kijani chenye majivu", rangi ambayo alikuwa kaisahau. Kuanzia Mombo alinyamaza, milima ya Usambara ilikuwa karibu mno, na baada yake Upare ikatufuata upande wa kulia kilomita hadi kilomita, huku kushoto nyika na mibuyu na vumbi. Nikamkumbusha miwani. Aliivaa, akaishusha puani, akachungulia juu yake.

Kutoka Same baba alianza kunyoosha shingo. Siku ikiwa safi, Kibo, kilele kikuu cha mlima, huonekana kutoka huko. Kulikuwa na ukuta wa mawingu tu.

"Si kitu," akasema. "Amejifunika. Ni jioni."

Himo tuliteremka saa kumi na mbili jioni, tukakodi gari dogo hadi Marangu Mtoni. Mdogo wangu alikuwa anatusubiri barabarani na tochi. Yeye ni kitinda mimba, na kwa mila zetu nyumba ya baba ni yake, ndiye anayekaa kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Akamshika baba mkono kumwongoza njiani kama alivyomzoea. Baba akautoa mkono taratibu. "Niache," akasema, "naona mawe."

Desemba 22 na 23, Marangu

Mawingu. Siku zote mbili.

Baba anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa koti, anachukua kigoda na kukiweka nyuma ya zizi, pale ambapo migomba imeachana na anga ya kaskazini-magharibi inaonekana. Mlima, anasema, hufungua alfajiri na kufunga saa nne, na mtu akiukosa wakati huo asilalamike. Binti anakaa naye ndani ya sweta lake la swala, chupa ya chai mapajani. Wakirudi nawasikia kwa viatu vyao kwenye majani yenye maji. Hawasemi kitu, wanakaa mekoni wanaota moto.

Wifi yangu ametupikia mtori, na kiburu siku ya pili. Mwanangu wa kiume, miaka kumi na mitatu, anatafuta mtandao juu ya mti wa parachichi. Huko juu ya mti kasoma kuhusu barafu ya Kibo, akaja kunisimulia jikoni bila kupunguza sauti: kwamba joto peke yake halitoshi kuieleza, kwamba hewa imekuwa kavu na theluji mpya inanyesha kidogo. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha mwanga wa jua. Ikikosekana, jua linaipiga barafu ya zamani moja kwa moja. Nikamwashiria anyamaze, babu yake alikuwa nyuma ya mlango.

"Mwache aseme," baba akaitika kutoka nje. "Theluji ndiyo shuka la barafu. Sisi wagumu tulilijua hilo." Wagumu ndivyo wapagazi wanavyojiita. Hakusema zaidi, wala mimi sikumuuliza anajua kiasi gani.

Desemba 24

Kwenye kihamba chetu makaburi yako upande wa chini, yamezungushiwa mimea ya masale. Mama kalala pale miaka minne. Tulikwenda wote kung'oa majani na kuosha vigae kabla ya sikukuu. Baba alisimama miguuni mwa kaburi, kofia mkononi, na kwa muda nilidhani anaomba. Kisha nikaona midomo. Alikuwa anasoma.

Hakuwahi kulisoma kaburi la mama. Siku fundi alipoweka maandishi, macho yalikuwa yamekwisha kufunga, akawa analipapasa kwa vidole. Sasa alisoma jina lote, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa kuruka herufi. Akafika kwenye mwaka wa kuzaliwa akakwama.

"Mwaka si huu. Mama yenu alizaliwa 1954. Hapa wameandika 1955."

Tukatazamana na mdogo wangu. Mwaka ule tuliuchukua kwenye kitambulisho chake, na vitambulisho vya wazee wetu wengi viliandikwa kwa kukadiria. Miaka minne tumeweka maua penye kosa, na aliyejua ukweli alikuwa amesimama hapohapo na sisi, haoni. Mdogo wangu akaahidi kumwita fundi Januari. Baba akapiga goti moja. Nikataka kumzuia, daktari alikataza kuinama sana zile wiki za mwanzo, lakini wiki hizo zimepita. Akapitisha kidole kwenye ile tano ya mwisho, akaacha kidole pale.

Desemba 25

Kanisani asubuhi, watu wamejaa mpaka uani, nusu yao wametoka Dar. Nyumbani tulihesabiwa. Ndivyo tunavyosema, kwenda nyumbani kuhesabiwa, na shangazi yangu mkubwa hufanya hivyo kwelikweli, anakaa mlangoni na kutaja kila tumbo: wa Mwanza wamekuja, wa Arusha wamekuja, wa kwanza yuko kazini. Mpwa wangu mmoja hakuwepo kwa sababu yuko mlimani na wageni. Krismasi ni msimu, wazungu wengi wanapenda kuiona sikukuu wakiwa juu, na yeye ni mgumu kama babu yake. Shangazi alimhesabu kuwa yupo. "Anatuona kutoka huko," alisema.

Mbuzi alichinjwa, kidari cha baba kikatengwa kabla mtu hajagusa nyama. Kisusio, supu ya damu, kikanyweka. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri, uchungu wa gome la msesewe haukuzidi, na baba ndiye aliyeionja kwanza kwenye kibuyu.

Usiku shangazi akawasimulia watoto habari ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima. Mawenzi moto wake ulikuwa ukizimika kila mara, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, na kila akienda anapewa na ndizi za kula njiani. Akaona ni raha, akawa anauzima moto makusudi. Siku Kibo alipogundua alikuwa anatwanga. Akamtandika kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechanika vile, na ndiyo maana anajificha mawinguni. Binti akauliza kama Kibo naye ameficha uso kwa aibu. Watu wazima wakacheka, yeye hakucheka.

Saa tano usiku mvua ikaanza. Ilipiga bati kwa nguvu, kisha ikatulia ikawa ile ndogo isiyokatika. Niliposhika blanketi nimfunike baba nilikuta yuko macho, anasikiliza.

"Mvua hii huku," akasema, "juu ni theluji."

Desemba 26

Aligonga dirisha letu saa kumi na moja na robo. "Amkeni. Amefungua."

Tulitoka bila viatu. Nyota zilikuwa bado zipo. Nyuma ya zizi, juu ya migomba, juu ya mistari ya miti ya silva, juu zaidi ya pale ambapo mtu angetafuta mlima, kulikuwa na kitu kikubwa cheupe. Kwanza kilikuwa kama kivuli kilichogeuzwa rangi. Halafu jua likagusa upande wa kulia, akawa wa waridi, na dakika chache baadaye akawa mweupe wote, kilele hadi chini ya mabega. Hata Mawenzi alikuwa na mistari myeupe kwenye nyufa zake. Binti yangu alinishika kiuno kwa mikono miwili. Hakusema neno.

Baba alisimama, miwani mfukoni. Niliogopa kumtazama, nikamtazama.

"Hiyo ni ya usiku," akasema hatimaye. "Ni theluji, si barafu. Angalieni, haina kivuli. Barafu ina ukuta, ina rangi ya bluu tumboni, jua likiipiga inaweka kivuli chini yake." Akanyoosha kidole, akamvuta mwanangu wa kiume amsimamishe mbele yake ili waone kwa mstari mmoja. "Pale ubavuni palikuwa na ulimi unashuka. Haupo. Pale nako. Palepale penye theluji sasa hivi, chini yake ni jiwe tupu."

Alijua, basi. Alijua kabla hatujatoka Dar. Alichokuwa akikitafuta kwa jicho lile ni kuona ni wapi na wapi, kimoja kimoja, kama alivyosoma herufi za kaburi.

Kisha akafanya kile alichofanya barazani Kimara. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akautazama mlima kwa la kushoto. Nikajisogeza karibu nimuulize anaona nini, maana nilifikiri labda katika ule ukungu wa njano bado anao mlima wa ujana wake.

"Hili halioni kitu," akasema. Akaondoa kiganja, akaendelea kutazama kwa lile linaloona.

Mwanangu alipiga picha kwa simu. Kwenye picha Kibo ni doa dogo jeupe juu ya paa la zizi. Baba aliomba aonyeshwe, akasema inatosha, weka.

Alianza kuwasimulia. Horombo, mita 3,720, ambako alikuwa anafika saa sita mchana na furushi kichwani na kukuta wenzake wamekwisha bandika ugali. Kibo Hut, mita 4,720, ambako maji hakuna na kila tone lilipanda juu ya vichwa vyao. Usiku wa Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipouwasha Mwenge wa Uhuru kileleni, yeye akiwa mtoto wa miaka tisa, na baba yake akamtoa nje, penye kigoda hiki hiki, atazame juu. Hakuona mwanga wowote. Lakini alitazama, na bado anasema ndipo alipojua kwamba atakwenda huko.

Kufika saa tatu, ukingo wa chini wa weupe ulikuwa umeanza kupanda. Ukiutazama hauoni ukisogea, ukigeuka kunywa chai na kurudi unakuta umepanda. Saa nne kasoro mawingu yakapita mbele. "Haya," baba akasema, akachukua kigoda chake. "Aika Ruwa." Asante Mungu.

Binti akakumbuka chupa yake. Baba alimchukua hadi kwenye mfongo, mfereji wa maji unaopita juu ya kihamba, akamwelekeza ainamishe mdomo wa chupa kuyafuata maji. Hakumdanganya. Akamwambia maji haya mengi ni mvua ya msituni, ya juu kabisa ni kidogo sana.

"Lakini ipo?"

"Kidogo ipo."

Desemba 27

Mdogo wangu na baba wamegombana kwa upole siku nzima. Baba anataka abaki, jicho moja linamtosha. Mdogo wangu anamwambia aende akamalize, nyumba haihami. Mwisho baba akataka ahadi moja: fundi wa kaburi asubiri mpaka yeye arudi, anataka kuona kwa macho mawili nambari ikibadilishwa. Akapewa.

Desemba 28

Barabara nyeupe kwa jua. Hakuna la kusimulia, isipokuwa askari wa tochi walitusimamisha mara nne, na baba alilala kutoka Mombo hadi Chalinze, mdomo wazi, mkono umeshika mkono wa binti.

Desemba 30, Kimara

Umeme upo, feni inazunguka, jasho liko palepale tulipoliacha. Maji ya mfongo binti aliyamimina kwenye vifuko vya barafu, akavifunga fundo, akavilaza kwenye friza usiku. Asubuhi hii kawaita watoto wa jirani, kawagawia bure kimoja kimoja, akiwaeleza kwamba ndani kuna theluji kidogo, si nyingi, ya Kibo. Kuna aliyedai haina utamu. Akamjibu kwamba hiyo si ya ubuyu.

Kimoja kampelekea babu yake barazani. Baba hakukifungua mara moja. Alikiinua usawa wa jicho la kulia, akakigeuza juani, akaona kile kiini cheupe katikati ya barafu na kingo zake angavu. Matone yakaanza kumdondokea kwenye shati jeupe.

"Babu, kula, inayeyuka!"

"Naiona," akasema. Akang'ata ncha ya kifuko.